Kulia

Jozi ya kwanza ilikufa mwezi wa Juni,
kifo cha polepole: kwanza kikohozi,
kisha sauti ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni,
kisha, siku ya harusi ya Nibaldo,
spika moja ikatapika maji ya rangi ya chai
juu ya kitambaa cheupe cha meza.
Tulipoipasua, koni ilikuwa ya karatasi.
Karatasi! Hapa Valdivia,
mji ambao mvua haina msimu,
ina mapumziko tu.

Nikaapa kutonunua tena kwa macho.
Nikaenda kwa Oyarzo, duka lake liko karibu na mto,
kidole gumba kimefungwa bandeji, miwani imekaa kipajini.
"Usiniulize sauti," akasema. "Niulize skrubu."
Akaigeuza spika akaikagua mgongo
kama mtu anayemfunua farasi midomo.
"Hii ni chuma cha pua. Ile imepakwa rangi tu,
mwaka haupiti itakulilia kutu ukuta mzima."
Wavu uwe wa alumini. Koni isiwe kitu kinachoweza kuandikiwa barua.
Chini pawe na kitundu, maana maji yataingia,
"yataingia tu, dada, muhimu uyaonyeshe mlango wa kutokea."

Nyuma ya kasha, tarakimu mbili:
ya kwanza ya vumbi, ya pili ya maji.
Tano huvumilia mpira wa bustani.
Sita, bomba la kuoshea malori.
"Na saba?"
"Saba ni ya anayetaka kusikiliza redio chini ya mto."
Nikachukua sita.
Bei ikanikaba koo, nikaikumbuka ile chai mezani,
nikalipa.

Nibaldo alitaka besi ya kutikisa vioo.
Lakini bustani ni ya Mama:
maharage, hotensia, viazi vya rangi ya zambarau,
na saa nne kila asubuhi zile salamu za redioni,
*kwa akina Huenchul wa ng'ambo: kondoo wamefika wote,
kwa Rosamel: mkweo amelazwa, njoo na blanketi.*
Besi haina la kufanya na habari kama hizo.
Tukachagua zinazotamka.

Siku mbili nikachimba kwa koleo,
nyaya ndani ya bomba, bomba ndani ya udongo,
mbali na mbwa, mbali zaidi na jembe la shemeji yangu.
Kisha nikapanda ngazi, kama karatasi ya kasha ilivyoagiza:
moja kulia kwa benchi, moja kushoto.

"Shusha hiyo," akasema Mama.

Kuna ndege huku, chucao, mdogo kama ngumi ya mtoto,
kifua chekundu, haonekani, husikika.
Akilia kulia kwako, endelea na safari.
Akilia kushoto, geuka urudi nyumbani.
"Kila baya lililonifika lilinijia kushoto,"
Mama akasema, "hata ile simu ya baba yako.
Sitaki kitu kinachosema upande huo."

Nikaeleza habari ya stirio,
jinsi gita linavyokaa huku na zeze kule.
Akaendelea kumenya maharage.
Nikashusha.
Zote mbili sasa ziko kulia, ubavu kwa ubavu,
kama wageni waliokosa viti.
Oyarzo angecheka mpaka bandeji imtoke.

Sikio zima la Mama ni la kulia.
Hilo hakulisema, nami sikuliuliza.

Leo mvua inawapiga tangu alfajiri,
maji yanatoka kitunduni kama yalivyoelekezwa.
Mama kakaa barazani, shali mabegani,
mtangazaji anamwambia kuhusu kondoo wa watu.
Ndipo kwenye kichaka cha mianzi, chini ya ua,
chucao wa kweli akalia, wazi kabisa, mara tatu.
Kushoto.
Nikamtazama Mama. Hakugeuka.
Nikaongeza sauti kidogo.